Nakatwa bima kila mwezi, mbona bado nitaletewa bili?

"Assalaam aleikum dada. Mimi ni mtu wa Mombasa, sasa tuko Columbus, Ohio, tulikuja na grinkadi mwaka jana. Nafanya kazi bohari. Mke wangu ni mjamzito, tunatarajia Februari inshallah. Kazini wametupa mpaka mwisho wa mwezi huu tuchague bima ya mwakani na ziko plani mbili. Ya kwanza nitakatwa dola 180 kwa mwezi kwa familia, didaktibo (ile ya kutoa mwenyewe kwanza kabla bima haijachangia) 4,000 kwa mtu na 8,000 kwa familia, kikomo cha mwaka cha pesa nitakazotoa mwenyewe 6,500 kwa mtu na 13,000 kwa familia. Ya pili nitakatwa 410 kwa mwezi, didaktibo 1,000 na 2,000, kikomo 3,500 na 7,000. Zote baada ya didaktibo natoa asilimia 20. Mimi nataka ya 180 manake hela zenyewe hazitoshi, mke wangu ang'ang'ania ya pili. Kinachoniuma ni kwamba dada yangu yuko Leicester, Uingereza, kajifungua juzi hakulipa hata senti, binamu yangu Ujerumani pia, sasa huku mtu anakatwa na bili analetewa, si wizi huu? Msikitini nimeambiwa bili za hospitali za huku usilipe tu, hawakufanyi kitu. Halafu mama yangu anakuja Januari kumsaidia mke wangu, ana SHA, ile bima ya afya ya serikali ya Kenya, itamfaa huku?"

Wa aleikum salaam ndugu yangu, na hongereni, Mungu amjalie mkeo ajifungue salama. Kazi yangu ni kukaa na watu wapya nchini tukisoma hizi karatasi za bima mstari kwa mstari, na swali lako naletewa kila msimu wa kuchagua bima, tofauti ni kwamba wewe umekuja na namba kamili kwa hiyo naweza kukujibu kwa namba. Jibu fupi: kwa mwaka huu wa kujifungua mkeo ndiye aliye sawa, chukueni ya 410, isipokuwa kama kuna jambo moja litabadilika ambalo nitalisema huko chini. Mwaka unaofuata mnaweza kurudi kwa ile ya rahisi na hakuna atakayewauliza.

Tuanze na dada yako wa Leicester kwanza manake naona ndiye anayekunyima usingizi. Si kweli kwamba halipi. Uingereza tangu Julai 1948, wakati waziri wa afya alikuwa Aneurin Bevan, matibabu yanalipwa kwa kodi, na wewe mgonjwa ukifika kwa daktari hakuna anayekuuliza pesa kwa sababu zilishachukuliwa zamani. Dada yako anakatwa kodi, anakatwa na ile Neshno Inshuransi (mchango wa bima ya jamii), na kama aliingia kwa viza basi alilipa na ada ya afya ya wahamiaji, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa kila mwaka wa viza na unaitoa yote kwa mkupuo kabla hujapanda ndege (wenye viza ya wafanyakazi wa afya wamesamehewa). Dawa za daktari kule England ni pauni 9.90 kwa kila aina, ingawa mjamzito na mama aliyejifungua husamehewa mpaka mtoto afike mwaka, na ukivuka kuingia Scotland au Wales dawa ni bure kwa wote. Kisha kuna malipo mengine ambayo si pesa, nayo ni foleni. England peke yake kuna zaidi ya matibabu milioni 7 yanayosubiri kufanywa, mtu wa goti au ngiri anaweza kukaa miezi na miezi. Kujifungua hakungoji foleni kwa hiyo dada yako ameuona mfumo ule kwa upande wake mzuri kabisa, na kwa kweli upande huo ni mzuri, sitakudanganya.

Binamu yako naye anakatwa, tena huenda kuliko wewe. Ujerumani mambo ya bima ya ugonjwa yalianza 1883 enzi za kansela Bismarck na mpaka leo si serikali inayolipa hospitali moja kwa moja, ni mifuko ya bima, na wafanyakazi walio wengi lazima wawe na mfuko. Mchango ni asilimia 14.6 ya mshahara na nyongeza ambayo kwa 2025 wastani wake ulikuwa 2.5, mwajiri anabeba nusu na mfanyakazi nusu. Kwa hiyo mtu wa mshahara wa euro 3,000 mwaka huo alikuwa anakatwa kama euro 256 kila mwezi, aumwe asiumwe. Linganisha na hizo dola 180 zako. Lakini kwa makato hayo mke asiyekuwa na kipato na watoto wanaingia bila kuongeza hata euro moja, na akilazwa anatoa euro 10 kwa siku na mwisho siku 28 kwa mwaka, na akija kujifungua hata hizo 10 hatozwi. Ndio maana kwako inaonekana bure.

Kwa hiyo kote watu wanatoa, wanachotofautiana ni lini. Wenzako wanatoa wakiwa wazima na wakiugua wamemaliza. Marekani unatoa ukiwa mzima na ukiugua unatoa tena, hapo hujakosea kulalamika. Na hakuna mtu aliyekaa akaupanga mfumo huu hivi ulivyo, ulitokea tu. 1942 wakiwa vitani serikali ilifunga mishahara isipande, waajiri wakawa hawana la kuvutia wafanyakazi isipokuwa kuwapa bima maana bima haikuhesabiwa kama mshahara, kisha 1954 sheria ya kodi ikathibitisha kwamba pesa ya bima anayotoa mwajiri haikatwi kodi, basi ikashikana na ajira hivyo. Rais Truman alitaka bima ya taifa zima, ikagonga mwamba. 1965 wakaja kuziba mapengo, wazee wa miaka 65 na zaidi wakapata bima ya serikali iitwayo Medicare na wenye kipato cha chini ile iitwayo Medicaid, na 2010 ikaja sheria ya Obama ambayo watu wengi hudhani ilifanya matibabu kuwa bure, haikufanya hivyo. Ilizuia bima kukukataa kwa sababu una kisukari, ikaweka kikomo cha mwaka cha pesa unazoweza kutoa, ikalazimisha baadhi ya huduma za kinga zisikutoze kitu. Hicho kikomo kishike vizuri, ndicho kitakachokuamulia.

Manake wewe umetoka Kenya na nadhani unaisoma bima ya huku kwa macho ya NHIF, mfuko wa bima wa zamani, na sasa SHA iliyochukua nafasi yake. Huko nyumbani mfuko ndio wenye kikomo. SHA kwa mfano inatoa shilingi 10,000 kwa kujifungua kawaida na 30,000 kwa upasuaji, hospitali ya binafsi ikikutoza 120,000 hizo zilizobaki ni zako na jamaa zako na grupu la WhatsApp la mchango. Huku ni kinyume. Huku kikomo ni chako wewe, ukishafika 3,500 kwa mtu mmoja ndani ya mwaka bima inabeba kila kitu kilichobaki, hata kama ni dola nusu milioni, ilimradi huduma iwe inayolipiwa na bima na hospitali iwe kwenye netiweki yao, yaani orodha ya hospitali na madaktari waliokubaliana nao bei. Mwanzo wa mwaka bima ya Marekani inakera sana, lakini mambo yakiharibika kweli ndipo unapoiona kazi yake. Kwa hiyo mtu anayechagua plani kwa kuangalia makato ya mwezi peke yake anaangalia namba isiyokuwa na neno.

Sasa hesabu. Didaktibo ni kiasi unachotoa mwenyewe kwanza kabla bima haijaanza kuchangia, baada ya hapo unatoa asilimia 20 na wao 80, mpaka ugonge kikomo. Makato ya kila mwezi hayahesabiwi humo, yako pembeni. Gharama ya uzazi wa kawaida mtu akiwa na bima ya kazini, kwa bei waliyokubaliana bima na hospitali, huwa kwenye dola 15,000 mpaka 20,000 hivi, tuseme mama 15,000 na mtoto 3,000. Ndiyo, mtoto ana bili yake. Akishatoka tumboni ni mgonjwa mwingine, ana namba yake, ana didaktibo yake, na hili huwashtua wazazi wote.

Plani ya 180: mama anatoa 4,000 ya didaktibo na asilimia 20 ya 11,000 zilizobaki ambayo ni 2,200, jumla 6,200. Mtoto bili yake yote 3,000 iko chini ya didaktibo yake kwa hiyo unaitoa yote. Hapo ni 9,200, weka na makato ya mwaka 2,160, unafika 11,360. Plani ya 410: mama 1,000 na asilimia 20 ya 14,000 ambayo ni 2,800, inakuwa 3,800 lakini kikomo chake ni 3,500 basi anasimama hapo. Mtoto 1,000 na 400, yaani 1,400. Hapo ni 4,900, na makato ya mwaka 4,920, jumla 9,820. Ile ya "ghali" imekuokolea dola 1,540. Na Mungu apishe mbali mtoto akizaliwa kabla ya wakati akalazwa wiki kadhaa kwenye wodi ya watoto njiti, familia inaweza kugonga kikomo, na hapo plani ya kwanza utakuwa umetoa 15,160 na ya pili 11,920. Mwaka ambao hakuna anayeumwa ile ya 180 inakuokolea 2,760, ndio nikasema mwaka wa pili mwaweza kurudi.

Bahati yenu nyingine ni tarehe. Didaktibo inaanza upya kila mwaka wa plani, kwa wengi ni Januari, na mkeo anatarajia Februari kwa hiyo sehemu kubwa ya gharama inaangukia mwaka mmoja. Mtu anayejifungua mwishoni mwa Desemba na mtoto akabaki hospitali mpaka Januari anaanza kulipa didaktibo mara ya pili, nimewaona wakilia.

Kuna mambo mawili yanayoweza kuipindua hesabu hii. La kwanza, uliza watu wa HR kama plani ya 180 inakuja na akaunti ya HSA (akiba ya matibabu isiyokatwa kodi) na kama kampuni inaweka pesa humo. Wakiweka 1,000 tofauti inashuka mpaka 540, wakiweka 2,000 ile ya rahisi inashinda kwa uzazi wa kawaida ingawa bado inashindwa mambo yakiwa mabaya. La pili ndilo lile nililokuahidi, na ndilo ningelifanya kwanza kabla ya kujaza fomu yoyote: ombeni Medicaid. Ohio mjamzito anaangaliwa kwa kipato kinachofika mara mbili ya mstari wa umaskini wa serikali, mfanyakazi mmoja wa bohari mwenye mke anaweza kabisa kuwa humo, na mtu kuwa na bima ya kazini hakumzuii, Medicaid inakuwa ya pili inalipa kilichobaki. Mtaambiwa habari ya miaka mitano ya grinkadi, kwamba mwenye grinkadi lazima amalize miaka mitano kwanza ndio apate Medicaid, msiondoke kwa kusikia hivyo mitaani, majimbo mengi yameiondoa sheria hiyo kwa wajawazito na watoto, acheni ofisi ya kaunti iwajibu kwa maandishi. Mtoto wenu mwenyewe atazaliwa raia, yeye hiyo miaka mitano haimhusu kabisa. Mkeo akikubaliwa, basi wewe ndiye utakayekuwa sawa, chukua ya 180.

Nielewe pia, najua 410 ni pesa. Ni 230 zaidi kila mwezi, na mtu anayetuma na nyumbani anaisikia. Lakini makato unayajua tangu leo na unaweza kujipanga, bili ya 9,200 ikija kwa mpigo mwezi wa tatu na mtoto mchanga ndani hiyo ndiyo inayowafanya watu wakope.

Kabla ya kusaini hakikisheni hospitali mnayotaka NA daktari wa uzazi wako kwenye netiweki ya plani, msiulize "mnakubali bima hii?" maana watasema ndio kwa bima yoyote, ulizeni "mko kwenye netiweki ya plani hii?" na mtaje jina lake kamili lililo kwenye kadi. Zamani ulikuwa ukienda hospitali iliyo kwenye netiweki halafu daktari wa usingizi aliyekuchoma sindano ya mgongo hayumo, anakuletea bili yake ya peke yake. Tangu Januari 2022 kuna sheria inayozuia hilo, na imajensi pia inalindwa, isipokuwa ambulensi ya barabarani, hiyo waliiacha nje, sijui nani aliwaambia watu huchagua ambulensi. Kliniki za kawaida za ujauzito na kipimo cha sukari ya mimba ni za kinga, hutozwi ukiwa kwenye netiweki, na hata mashine ya kukamua maziwa bima inatoa, msiende kununua.

Mtoto akizaliwa una siku 30 kumuandikisha kwenye bima ya kazini. Usiseme si atakuwa amejiingia mwenyewe kwa sababu mama yumo. Siku ya 31 wanaweza kukwambia ngoja msimu ujao. Namba ya sosho sekyuriti ya mtoto ikichelewa muandikisheni hivyohivyo, itajazwa baadaye.

Sasa habari ya msikitini, kwamba usilipe tu. Hapo nakukataza kabisa. Yule ndugu amechanganya vitu viwili. Ni kweli kwamba tangu 1986 hospitali yenye imajensi lazima ikupime na ikutulize hali bila kuuliza pesa wala karatasi, mkeo akishikwa na uchungu saa nane usiku nendeni, msikae nyumbani mkihesabu dola. Lakini kukutibu si kukusamehe, bili inakuja nyumbani, ikikaa inauzwa kwa wakusanya madeni, wanaweza kukupeleka mahakamani na wakishinda mshahara wako Ohio unaweza kukatwa. Ila pia usilipe haraka. Ile karatasi ya kwanza ya hospitali yenye namba ya kutisha mara nyingi ni bei ya orodha ambayo karibu hakuna bima inayoilipa. Subiri karatasi ya bima yako inayosema hii ndiyo bei iliyokubaliwa, hiki tumelipa sisi, hiki ni chako. Zikilingana ndio ulipe, zisipolingana piga simu uombe bili yenye mchanganuo wa kila kitu, utashangaa vinavyofutika.

Na hata iliyo sahihi ikikushinda, hospitali nyingi za Marekani zimesajiliwa kama zisizo za faida na sheria inazitaka ziwe na mpango wa msamaha ulioandikwa. Una siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitali kuomba, hata kama una bima. Kuna watu pale hospitali ambao kazi yao ni hiyo tu, unaomba kuonana na mshauri wa fedha, unabeba peislipu zako. Watu wetu huona aibu, wanaona kama kuomba sadaka. Si sadaka bwana, hospitali hiyo hailipi kodi kwa sababu imeahidi kufanya hivyo. Nendeni mwezi huu kabla ya kujifungua, ni rahisi zaidi kuliko kwenda na deni mkononi. Ukipata barua ya mahakama ndio tena si ya kujibiwa na mimi wala na WhatsApp, tafuta ofisi ya msaada wa kisheria siku hiyohiyo, ukinyamaza wanapewa ushindi bila kesi kusikilizwa.

Tumalize na mama. SHA haitamsaidia chochote akiwa Ohio, ule mchango hauvuki bahari namna hiyo. Wala hawezi kuingia kwenye bima yako ya kazini, waajiri kwa kawaida wanaandikisha mume au mke na watoto, mzazi hayumo. Anahitaji bima ya mgeni, inunuliwe kabla hajapanda ndege, na ianze siku anayotua. Hapo soma maneno madogo kuliko yote, kwa sababu bima hizi haziko chini ya ile sheria ya 2010, zinaruhusiwa kukataa ugonjwa aliokuwa nao mtu kabla. Kama mama ana presha au sukari, tafuta inayolipa ugonjwa wa zamani ukipanda ghafla, na uangalie kikomo, maana humo kikomo kinarudi kuwa cha bima kama kule nyumbani: plani ya rahisi inayolipa mwisho dola 50,000 inamalizwa na siku chache tu za ICU. Nyingi za rahisi zaidi zina orodha ya bei kwa kila huduma, kitanda kiasi hiki, daktari kiasi hiki, kilichobaki ni chenu, hizo ningeziacha. Afunge dawa zake za kumtosha safari nzima na ziada ya mwezi, kwenye vifurushi vyake vya dukani na karatasi ya daktari, na abebe kwenye begi la mkononi, si lile linalokwenda chini ya ndege.